Mngurumo Unazaliwa Wapi

Ndege ya kwanza ilipopaa, picha ya kuonyesha kelele inatoka wapi ikafunguka kwenye kompyuta, na doa jekundu likatua sawasawa juu ya kibanda cha Mama Linah, muuza chai.

"Nilijua tu," Wakoli, fundi wa nyaya, akasema. "Huyo mama ana mdomo!"

"Nimekusikia!" Mama Linah akajibu kutoka hukohuko.

Jepchumba alicheka mpaka akashika mbavu. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe wasiguse maikrofoni ishirini na nne zilizosimamishwa safu tatu za nane nane kando ya uwanja wa ndege, zitafute mngurumo wa ndege unazaliwa wapi hasa. Asubuhi alikuwa amethubutu kusema: si ndani ya injini, ni nyuma yake.

"Bomba likimwaga bwawani, lenyewe limenyamaza. Kelele iko pale maji yanapogonga maji yaliyolala."

"Darasa la nane limeongea!" Wakoli alimcheka. Akaapa mbele ya Injinia Namalwa, mkuu wa kazi hiyo: msichana akishinda, atakalia kiti cha kompyuta, naye Wakoli atashika fimbo ya ng'ombe.

Sasa ilibaki ndege moja tu, ya mizigo, kisha vifaa vifungwe. Injinia alikuwa ameshika kichwa: kila ndege ilipopaa, doa lilirudi kibandani.

"Injinia, tuziite maikrofoni moja moja," Jepchumba akasema. "Ukiita ng'ombe jina, atakayeinua kichwa ndiye mwenyewe."

Akapita akipiga kofi mbele ya kila maikrofoni, Injinia akitazama kwenye kompyuta ni mstari upi unaruka. Ya kwanza, sawa. Ya nane, sawa. Ya tisa, kofi!

"Wee!" Injinia akapaza sauti. "Umeita tisa, imeitika kumi na sita!"

Safu nzima ya kati ilikuwa imeunganishwa kinyume. Wote wakamgeukia Wakoli.

"Waya zinafanana," akasema, akikagua viatu vyake.

Wakachomoa, wakachomeka, wakigongana vichwa, na ndege ya mizigo tayari inanguruma mwisho wa barabara ya kurukia. Ikaja. Ardhi ikatetemeka, ndege ikapita, ikapaa. Picha ikafunguka, na doa jekundu likakaa nyuma ya injini, mbali kidogo, kwenye hewa tupu ambapo pumzi ya moto ya injini inararua hewa iliyotulia.

Injinia Namalwa akaruka kama msichana wa shule. Mama Linah akapiga vigelegele bila kujua sababu. "Kwani si mimi tena?"

Jepchumba akakalia kiti, akazunguka nacho mara mbili. Huko kwenye safu ya kwanza, Chelel, ng'ombe mweupe, alikuwa anaramba maikrofoni ya tatu, na Wakoli anampungia fimbo kwa mbali, anaogopa pembe.

"Wakoli!" Jepchumba akampigia kelele. "Mwite kwa jina!"