Bawabu wa Nyumba ya Lackawanna

Nilikuwa nashona ukili wa saba kwenye mkeka mlango ulipogongwa.

Tulikuwa wanaume wanne katika nyumba ile ya Lackawanna, karibu na Buffalo. Mikeka tuliisuka kwa mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo, tuliyoiokota ghalani kazini. Watawa wa kwanza wa jangwa la Misri walisuka matete. Sisi tulisuka tulichopata. Kanuni tulizichukua kwao: kula kimya, kufanya kazi pamoja, na kengele ikilia kuacha palepale, hata sindano ikiwa katikati. Ndugu wa damu haingii ndani. Pakomi, mkuu wa watawa wale, alimrudisha hata dada yake. Bawabu ndiye aliyepeleka neno.

Bawabu wetu nilikuwa mimi.

Aliyegonga ni Immaculée, dada yake Ferdinandi, mmoja wetu wanne. Alikuwa ametoka Louisville kwa basi, kupitia Columbus. Theluji ilikuwa mabegani mwake.

"Shikamoo, kaka Enoki."

"Marahaba. Ferdinandi hatoki, dada. Alishaniagiza: ukisikia yu hai, inatosha."

"Yu hai! Kule kwetu wanasema mko wanaume wanne mlioogopa kuoa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mwambie Mama amefariki Jumanne, huko Columbus. Tunazika Jumamosi. Basi ni kesho saa mbili asubuhi. Nalala kwa Bamurange, nyumba ya pili. Nina tiketi mbili."

Nilirudi ndani nikamwambia Ferdinandi. Mikono yake haikusimama.

"Nani alimwosha?"

"Sikuuliza."

"Kaulize."

Nilipofungua mlango, Immaculée alikuwa ameshaondoka. Nikarudi, nikatikisa kichwa. Ferdinandi alisuka, ukili ukapinda. Akaufumua, akasuka tena, ukapinda vilevile. Saa ya kengele ilifika, nami sikuigonga. Wenzetu wawili walinitazama, wakainama tena. Mwishowe niligonga.

Ferdinandi aliacha palepale. Kwenye sala alisimama mahali pake, akaitikia kila zaburi.

Tulipotoka niliona viatu vyake vimehamishwa kutoka kwenye rafu. Vilikuwa mlangoni, vimeelekea nje.

"Upande wangu atashona nani?" aliuliza.

"Uache. Utashona ukirudi."

Hakusema atarudi. Mimi nami sikumuuliza. Nilichomeka sindano kwenye ukili wake ili usifumuke, nikaukunja mkeka hadi kesho.