Mkeka wa Mrina Asali

Sisimizi ndio waliomwambia Mwanne kwanza. Hawakuwa kwenye mitungi ya asali, ambako kila siku aliwazungushia majivu wasipande. Walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mchanga chini ya ua wa matete, pale ambapo mumewe Mfaume alisimama alfajiri kukojoa. Walikuwa wengi, weusi, wamejipanga kama watu wanaongojea mgawo. Mwanne alisimama na ufagio mkononi, akawatazama kitambo, kisha akachota majivu jikoni akawamwagia. Kesho yake walikuwapo tena. Akamwaga tena. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Mfaume alikuwa mrina asali, na kwa warina asali wa huko Ipole kuna mwiko usiofundishwa darasani: anayejiandaa kuingia porini hamgusi mkewe mpaka arudi na asali yake. Nyuki wananusa, wanasema. Mwenye harufu ya kitandani watamfuata mpaka wamwangushe mtini. Kwa hiyo msimu ukifika mume hutandika mkeka sakafuni, na ukiisha mkeka hukunjwa, maisha yakaendelea.

Mwaka ule, wa pili tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, mkeka haukukunjwa. Mfaume alisema kuna mizinga imebaki kwenye mahame yao, kule walikohamishwa, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Akaenda, akarudi na debe moja, akasema kuna mingine. Mvua za kwanza zikanyesha, warina wenzake wote wakashika majembe, na yeye bado alikuwa sakafuni, uso ukutani. Mwanne alikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule aliiacha darasa la tatu, na hata wale waliomaliza la saba hawakufundishwa maneno ya kuulizia jambo kama hilo. Alijinusa makwapa. Akaazima udi kwa jirani, akafukiza kanga zake. Mfaume akasema nyumba inanukia vizuri leo, akageukia ukuta.

Na maji aliyokunywa Mfaume. Mtungi uliokuwa ukitosha siku mbili sasa haukufika jioni. Mwili wake ukapungua mpaka shati likaonekana la kuazima.

Mama mkwe, Bi Swaumu, alikaa nyumba ya tatu katika mstari uleule. Nyumba za kijiji kipya zilipangwa hivyo, mlango kwa mlango, kila mtu anamwona mwenzake akitoka na anachotoka nacho. Mwanne alipompigia shikamoo aliitikia marahaba, kisha macho yakashuka tumboni yakakaa hapo. Siku moja kisimani, mbele ya wanawake, alisema mwanawe amejenga ghala lakini mwaka wa tatu huu panya hawajapata hata punje. Wanawake wakacheka. Mwanne naye akacheka kidogo, maana hakujua uso wake aupeleke wapi.

Haikuwa siri kwamba binti mwingine wa kuolewa na Mfaume amekwisha kutazamwa huko Igalula, na kwamba mavuno yakipita Mwanne atarudishwa kwao na sanduku lake. Sentensi moja ingemwokoa. Lakini sentensi hiyo hiyo ingemzika Mfaume akiwa hai, na Mfaume hakuwa amewahi kumpiga wala kumtukana.

Kibuyu alikiona wakati akitandaza majani ya tumbaku darini. Ndani mlikuwa na mizizi iliyosagwa, imelowekwa katika asali. Harufu yake aliijua. Mjomba wake aliwahi kupewa kama hiyo na mfumu mmoja, mtu wa mizizi wa upande wa Sikonge, baada ya kuoa msichana akiwa mzee. Mwanne alikirudisha kibuyu mahali pake na kukaa chini. Kumbe si harufu yake. Kumbe si nyuki. Alilia kwa nafuu kwanza, kisha kwa huruma.

Tangu siku hiyo alimwona Mfaume kila asubuhi akijificha kulamba kijiko kimoja. Kijiko kimoja, aliwaza, kitamfanyia nini mtu mzima? Mfumu alikuwa anabania. Mizizi Mwanne hakuwa nayo, lakini asali, ambayo kwao ndiyo nguvu ya dawa, ilijaa mitungini. Basi jioni, akishapika uji, alichagua asali ya kwanza, ile nyeupe ya miti ya miombo, akaukorogea bakuli zima la hiyo asali, na juu yake akabana ndimu ili mrina asali asishtukie utamu. Mfaume alikunywa akaomba tena. Mwanne alimtazama akinywa, akawa na matumaini.

Mwezi wa nne wa uji ule Mfaume alirudi kutoka porini akichechemea. Alikaa mlangoni, akamega muhogo wa kuchoma, akaanza kueleza habari za mvua. Mwanne akasikia harufu ya nyama iliyoungua. Alimvua kandambili. Katikati ya unyayo palikuwa na kaa la kienge, ule mwenge wa kufukizia nyuki, limezama nusu kidole, na ngozi pembeni imeshageuka kijivu. Alilichokoa kwa ncha ya kisu. Mfaume aliendelea na habari za mvua.

Siku ya tano alianza kuongea na watu ambao hawakuwapo. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka zahanati, Mwanne upande mmoja na Bi Swaumu upande wa pili.

Tabibu aliitwa Raymundi, mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Alifungua kidonda akakichungulia. Akauliza mgonjwa anakunywaje maji, anakwendaje haja ndogo, na mambo ya ndani ya nyumba yakoje. Mfaume, ambaye fahamu zilikuwa zinakuja na kuondoka, alisema ni homa tu. Bi Swaumu akasema mambo ya ndani aulizwe huyo mwanamke, maana yeye ndiye asiyezaa.

Mwanne alitazama sakafu.

"Sisimizi wanakusanyika anapokojoa," alisema. "Mwaka mzima sasa. Na mwaka mzima hajaweza kunikaribia, daktari. Si kwamba hataki."

Bi Swaumu alivuta kanga mpaka usoni.

Tabibu akachanganya mkojo na dawa ya buluu katika kichupa chembamba, akakishika juu ya moto. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa rangi ya tofali. Alisema ni sukari. Alisema hakuna nyuki wala laana hapo: ugonjwa huu huanza kuharibu mishipa polepole, na kwa wanaume wengi ule udhaifu ndio barua ya kwanza, ila wanaificha. Angekuja wakati ule, mguu ungekuwa mzima. Sasa aende mjini Tabora leo hii, huko wataamua waukate wapi.

"Anakula kitu gani kitamu?" aliuliza.

"Dawa," Mfaume alinong'ona. "Kijiko kimoja asubuhi. Basi."

Tabibu akamgeukia Mwanne kuona kama kuna la kuongeza. Mwanne alikuwa anafunga fundo la kanga yake, akalifungua, akalifunga tena.

Lori lililoleta magunia ya mbolea ndilo lililowachukua. Mama mkwe alibaki, hakuaga. Mfaume alilazwa juu ya magunia matupu, kichwa mapajani pa mkewe.

"Umenivua nguo mbele ya mama yangu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, baba."

Barabara ilikuwa mbaya. Mguu uliofungwa ulicheza cheza kila lori liliporuka shimo, na nzi akatua kwenye kidole gumba, akatembea mpaka kwenye kucha, akarudi. Mfaume hakumsikia.

"Kijiko kimoja, Mwanne. Hata mtoto analamba zaidi. Kimewezaje kunila mguu?"

Hakuwa anamuuliza yeye. Alikuwa anaziuliza mbingu, na mbingu zilijaa vumbi jekundu. Mwanne angeweza kunyamaza. Alikuwa fundi wa kunyamaza. Alinyoosha mkono akamfukuza yule nzi, akauacha mkono pale pale juu ya mguu, ingawa alijua hausikiwi.

"Hakikuwa kijiko kimoja," alisema. "Uji wa jioni nilikuwa nautia bakuli zima la asali. Nilitaka urudi kwangu."