Maranda ya Mwerezi

Fundi seremala hakuwa mtu wa kumtandikia sungura wa binti yake takataka. Wenzake wangezoa maranda yoyote chini ya meza. Yeye alichagua ya mwerezi tu, mekundu, yenye harufu ambayo nondo huikimbia. Akayajaza kizimbani unene wa kiganja. "Huyu analala pazuri kuliko mimi," alijisifu.

Siku ya tatu alipotoka kazini alimkuta binti amepiga magoti, sikio kwenye ubavu wa sungura.

"Baba, anapiga mluzi ndani."

Fundi akainama. Pua ya sungura ilikuwa imelowa, mbavu zikipanda na kushuka upesi upesi. Hofu ikamshika. Sungura yule aliletwa na mke wake wiki mbili kabla hajafariki, na tangu msiba binti alizungumza naye kuliko na baba yake.

Wakambeba kwenye katoni hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari yule alifungua katoni, akanusa, akakunja uso.

"Nani kamtandikia mwerezi?"

"Mimi. Ndiyo mbao bora kuliko zote karakanani kwangu."

"Bora kwa kabati, fundi. Harufu inayofukuza nondo inamuumiza mapafu. Mwekee karatasi zilizochanwa, au nyasi kavu zisizo na vumbi. Akianza kula leo, ana nafuu. Asipokula, sitakudanganya."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki fundi alikileta mwenyewe, tena kwa mapenzi. Alisugua kizimba, akachana magazeti, akaweka jani la karoti. Mtu asiyeogopa msumeno sasa alikuwa anaogopa jani. Walikaa sakafuni wakilitazama, na jani likabaki vilevile mpaka likaanza kunyauka.

Kisha pua ikacheza. Jani likaanza kufupika.

Binti alicheka, akamrukia baba yake, akalaza shavu kifuani pake. Kicheko kikakatika.

"Baba, na wewe unapiga mluzi."

"Vumbi tu hilo, mama," alisema fundi, na kikohozi chake cha miaka miwili kikamkatisha.

Binti alianza kumfungua vifungo vya koti la kazi, huku maranda mekundu yakidondoka kutoka kwenye mikunjo. Akalitupa koti nje ya mlango, akarudi, akaweka sikio tena kifuani pa baba yake.