Simu Iliyokataa Kuingia Pindoni

Usiku wa jana, kabla hata sijageukia ubavu wa pili, niliota simu mpya ya shangazi imeitwa kikaoni.

Nieleze kidogo, maana ndoto yenyewe haikujisumbua kueleza. Shangazi Mwantumu ana mjukuu Maskati, mtoto wa siku kumi na nane, kapewa jina lake. Ni somo wake, na hajamwona. Simu yake ya zamani, kitochi cha vitufe, haina picha. Binti yake Saumu akipiga na kusema, "Mama, mtoto anacheka usingizini," shangazi anasikia mkwaruzo tu. Ndiyo nikamletea simu ya kioo kikubwa, inchi saba nzima. Akaipokea kwa mikono miwili, akajaribu kuifunga kwenye pindo la kanga, anakofunga kila kitu chake: funguo, ubani, vidonge vya presha. Haikuingia.

"Mbwana mwanangu," akaniambia, "kisichoingia pindoni hakina makazi kwangu. Kesho irudishe dukani."

Nikalala na neno hilo kifuani.

Basi ndotoni neno lake limekuwa sheria. Sebule imejaa. Vitu vyote vya nyumba vimepanga foleni mbele ya kanga, na kanga imekaa kwenye kiti, imenyooka, haina mtu ndani. Pindo lake moja liko wazi.

"ANAYEFUATA," inasema. Kanga huwa zinasema kwa herufi kubwa.

Funguo zinaingia. Ubani unaingia. Kitanda kinajaribu, kinashindwa, kinatoka zake uani bila ugomvi. Friji inalalamika.

"Jamani, nina nyama ndani."

"TOKA NAYO."

Inatoka, waya unaburuza nyuma kama mkia.

Inafika zamu ya simu. Imevaa kava jipya, inaona haya.

"Shikamoo."

"MARAHABA. TAJA UZURI WAKO."

"Nina herufi kubwa," inasema simu. "Mtu hatafuti miwani kwa ajili yangu. Na nikionyesha uso, ni uso kweli, si punje ya choroko."

Ndani ya pindo mtu anakohoa. Ni kitochi. Kinaishi humo miaka kumi na moja, na kimejilaza kama bi mkubwa aliyesikia mke mwenza anashusha mabegi.

"Taja na ubaya wako, mwenzangu. Chaji unakula mara ngapi?"

"Asubuhi. Na mchana. Na jioni kidogo."

"Mimi nikila Jumatatu, tunaonana Jumatatu. Na mimi nilitumbukia kwenye ndoo ya maji, nikatoka, nikapokea simu. Wewe ukianguka?"

"Napasuka."

"Mtu akikusoma amelala chali?"

Simu inainamisha kioo. "Namwangukia puani."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

Nanyoosha mkono. "Waheshimiwa, kwa upande mwingine..."

"Wewe uliyeacha chuo mwaka wa tatu, keti," kinasema kitochi.

Naketi. Kitochi kile kilisikia nilivyompigia shangazi kumdanganya kwamba chuo kimefungwa kwa sababu ya nyuki. Mtu anayekujua hivyo hubishani naye.

"AITWE SHAHIDI," inasema kanga.

Linaingia dole gumba la shangazi, limebeba kifurushi.

"Mimi kwangu ni upande wa kulia, chini," linasema. "Kitufe cha kurudi nyuma kiko kushoto, juu kabisa. Nimefunga vitumbua vitano. Nisiporudi, mwambieni kidole cha pete vyombo vyangu achukue yeye."

Tunatoka kulisindikiza, na hapo sebule haipo tena. Tumesimama juu ya kioo chenyewe, kinateleza, kimeenea mpaka macho yanapochoka. Dole linatembea, linakuwa dogo, linapotea. Tunasubiri. Naona misimu miwili ya maembe inapita. Dole linarudi, lina mvi.

"Nimefika," linasema, linakaa chini. "Ni mbali, siwafichi. Lakini njia nzima nilikuwa natembea juu ya mtoto. Hapa kope, pale pua. Usiku nililala kwenye shavu. Jamani, lile shavu."

Hata kitochi kinaangalia pembeni.

"VIZURI," inasema kanga, na tumesharudi sebuleni. "LAKINI SHERIA NI SHERIA. PINDO LANGU NI INCHI TANO. IPIMWE."

Sasa hapo mimi nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeshakata inchi mbili za mwanzo za futi ya fundi cherehani, nikazificha mdomoni, ili simu ionekane fupi. Inchi saba, toa mbili, tano. Nilijisifu kimoyomoyo.

Kanga inanyoosha futi. Futi inaanzia kwenye mbili. Simu inaishia kwenye tisa.

"TISA," inasema kanga.

Kitochi kinacheka mpaka tochi yake inawaka yenyewe.

"Mbwana! Hesabu ndizo hizi zilizokutoa chuo?"

Siwezi kujibu. Nina inchi mbili mdomoni.

"ITOKE. NA HUYU MREFU NAYE APIMWE."

Napimwa. Kinachoingia pindoni ni kidole kidogo cha mguu, na chenyewe kwa shida. Tunatolewa wote wawili, mimi na simu. Tunakaa uani katikati ya friji na kitanda. Naipakata.

"Pole," naiambia.

"Nilishazoea dukani," inasema. "Kila mtu alinishika, akasema kubwa hii, akanirudisha."

Mara inaita. Ni Maskati. Inajipokea yenyewe, na kioo kizima kinajaa mtoto analia. Analia kwa inchi zote saba. Friji inatetemeka. Namtikisa, namwimbia, namwonyesha kitanda, wapi.

Mlango wa jikoni unafunguka. Shangazi anatoka, mikono imejaa unga.

"Nani anamliza somo wangu?"

"Kanga imetutoa, shangazi. Imesema hatuingii pindoni."

Shangazi anageuka, anaiangalia kanga pale kwenye kiti, kama unavyomwangalia mtoto aliyepokea wageni na kuwafukuza.

"Pindo ni la funguo," anasema. "Wewe ulishaona wapi mtoto anafungwa pindoni?"

Anaikung'uta kanga mara moja, anaizungusha mgongoni, anainama.

"Haya Mbwana, niwekee. Kichwa juu. Juu, mwanangu, hivyo unamning'iniza!"

Naiweka simu mgongoni kwake, kioo kikiangalia begani. Anaivuta kanga, anakaza fundo kifuani. Simu imeenea mbelekoni na nafasi imebaki.

"SAMAHANI," inasema kanga, sauti imebanwa. "MGONGO SIKUULIZWA."

"Na huyu mrefu unamtoa kwa ruhusa ya nani?" anaiambia. "Nilimbeba humu humu mpaka miguu inaburuza chini, watu wananicheka."

Anarudi kukanda unga, anayumba kidogo kidogo, anapigapiga mgongo kwa nyuma ya mkono. Kilio kinashuka. Kinakuwa kwikwi. Halafu kinasikika kisauti kidogo, kama kizibo kinachomoka.

"Kacheua," kinanong'ona kitochi, na kinazima tochi yake ili mtoto alale.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nikachukua boksi la simu, nikatoka uani kwa unyonge kwenda kutekeleza agizo la dukani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanipa mgongo, anachambua mchele.

"Boksi la nini asubuhi yote hii?" akauliza bila kugeuka.

"Si ulisema niirudishe?"

"Nilisema jana. Weka boksi uvunguni. Saumu anapiga saa nne, uje unionyeshe pa kubonyeza." Akajikuna. "Na nifutie hapa begani, kuna kitu kimeniganda."

Nikasogea. Kwenye kanga, nyuma ya bega la kushoto, palikuwa na doa jeupe, dogo kama ukucha, bado bichi katikati. Nikalinusa. Maziwa ya mtoto mchanga.

Nyumbani kwetu mtu mdogo kuliko wote ni mimi, na nina miaka ishirini na sita.