Bomba Jipya kwenye Gari la Babu

“Rudisha lile la zamani kabla Bibi haja...”

“Dada, nishikie spana, usinishike shati!”

Dada mtu akashika vyote viwili. Bibi alishaapa: atakayeligusa gari la marehemu babu atahama nyumba. Na huyu mdogo mtu keshalifunga bomba jipya la hewa, eti injini ipate pumzi.

Akawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Ndani, mlango wa Bibi ukalia.

“Kitambaa!” Mdogo mtu alikuwa ameziba nacho mdomo wa injini, nati zisidumbukie. Akafungua bomba, akakichomoa, akafunga tena, akawasha. Gari likanguruma mpaka madirisha yakatetemeka.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yao na fimbo. Akamkabidhi dada mtu ile fimbo, akamgeukia mdogo mtu kwenye usukani.

“Sogea, mjukuu wangu. Nifundishe kuendesha.”