Majani Yakauke Kwanza

Ufunguo wa stoo ya misumeno na mikasi niliuvaa shingoni tangu Jumatatu, na kaka yangu alijua hawezi kuuchukua bila kelele.

"Leo Ijumaa," alisema, akikung'uta mwavuli mlangoni. "Bwana shamba anakuja saa tisa. Akikuta matawi yenye vidonda, michungwa yote ya baba inang'olewa. Toa mikasi."

"Majani yamelowa."

"Mvua haijakatika wiki nzima! Unasubiri nini, kiangazi?"

"Nasubiri majani yakauke."

Nilikuwa na hasira, tena si kidogo. Mwaka jana ni yeye aliyekata matawi kwenye manyunyu, mti baada ya mti, kwa mkasi uleule. Bakteria wa ugonjwa huu wa vidonda hutoka kidondani na maji. Upepo huwarusha, na usipofika upepo, mkasi huwafikisha. Wiki tatu baadaye vidonda vilijitokeza kwenye mstari alioupita. Mti mmoja aliouruka alipokwenda kunywa chai ulibaki mzima. Nilimwonyesha, akasema ni bahati mbaya.

Sasa akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu langu ni zima, mahututi ni michungwa.

Bwana shamba alifika na buti zake, mvua ikinyesha taratibu.

"Hamjakata hata tawi moja?"

"Muulize huyu," kaka alisema.

Bwana shamba akaguna, akatoa kisu mfukoni, akavuta tawi lenye kidonda achukue kipande cha kupima. Nikamshika mkono. Kaka alifumba macho.

"Hicho kisu kimetoka shamba gani?"

"La jirani yenu."

"Lina vidonda?"

Maji yalichuruzika kutoka kwenye jani hadi kiganjani mwake.

"Linavyo," alisema.

"Basi kikigusa mti wa baba, ng'oa shamba zima leo hii, tusidanganyane."

Alikitazama kisu kama mtu aliyekutwa na viatu vya matope kwenye zulia la watu. Akakikunja.

"Majani yakikauka, anza kukata. Nitarudi Jumatatu."

Jumapili jua likawaka. Nilipangusa jani kwa mkono wa gauni, mkono ukabaki mkavu. Nikafungua stoo. Kaka alikuwa amesimama nje na kopo la spiriti, na nilipomaliza mti wa kwanza nikataka kuvuka kwenda wa pili, akanizuia.

"Chovya mkasi kwanza, mbishi wee."