Alama za Gari Namba Mbili

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu alisahihisha mitihani ya watahiniwa ambao majina yao yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi, wala hakuna mzazi aliyepata kumlainisha. Basi alipotaka kununua gari la kumpeleka mkewe hospitali mara mbili kwa juma, baada ya goti lake kupasuliwa, alikataa kata kata kuchagua kwa macho.

Kwenye gereji ya fundi, mwanafunzi wake wa zamani, palikuwa na magari mawili madogo ya kuuzwa. Moja lilikuwa la kawaida, la aina ionekanayo kila kona. Jingine lilikuwa la kifahari, lenye viti vya ngozi na nembo ing'aayo. Moyo wa Mwalimu ulikuwa umeshahamia kwa hilo la kifahari, ila hakutaka isemwe kwamba amependelea. Akaagiza viti vyote vitandikwe mashuka, yeye na mkewe wafungwe vitambaa machoni, na fundi awapitishe kwa kila gari katika barabara ile ile yenye mashimo, akiyaita Namba Moja na Namba Mbili tu, bila kutaja lipi ni lipi.

"Mzee, watu watadhani tumetekwa," mkewe alisema huku akiupapasa mlango.

"Kaa kimya, Mama. Mtahini hapigi soga na mtahiniwa."

Waliporudi, alivua kitambaa akatoa kalamu nyekundu. Namba Moja: 58. Linarusha mtu kama gunia. Namba Mbili: 83. Pembeni akaongeza: Gari la watu waliostaarabika.

"Hapo tumepatana," mkewe alisema. "Katika Namba Mbili goti lilitulia hata nikasinzia."

"Ulitarajia nini? Gari la kifahari hata kipofu atalitambua. Haya, fundi, taja."

Fundi alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Namba Mbili ni lile la kawaida, Mwalimu."

Mwalimu alitazama karatasi, akatazama magari, akairudia karatasi. Aliuliza tena, akajibiwa vile vile. Fundi akachuchumaa kando ya lile la kifahari, akamwonyesha matairi: mpira kati ya rimu na barabara ulikuwa mwembamba, haufiki vidole vitatu, na mshtuko wa kila shimo ulipanda moja kwa moja mpaka kitini.

"Turudie," Mwalimu alisema.

"Mwaka ule nilikuomba karatasi yangu ya hesabu isomwe upya," fundi alisema kwa upole. "Nilipungukiwa alama mbili tu. Shikamoo zangu zote hazikufua dafu."

Kilichomtia ganzi Mwalimu hakikuwa gari. Ni kule kufikiri kwamba, laiti angechagua kwa macho, mkewe angeumia mara mbili kila juma juu ya ngozi laini, naye akiwa kando yake, akiisifu ngozi.

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi." Akailaza karatasi juu ya boneti, akatia sahihi chini ya 83. "Fundi, andaa hati za Namba Mbili."

"Na hili jingine?"

"Limeanguka," Mwalimu alisema, na bado hakuyaamini masikio yake mwenyewe.